Sentensi za Mzee wa Foleni

Jumatatu, 2 Juni

Shule imefungwa. Chai, kiazi cha jana, kompyuta. Nimevaa soksi mbili na bado miguu ya baridi.

Sentensi mia mbili kabla ya mchana, ndiyo sheria niliyojiwekea. Leo nimeishia njiani. Inachosha kuliko kusahihisha insha za kidato cha pili. Programu inachukua simulizi za mapenzi zinazozunguka kwenye magrupu ya simu, inazikata sentensi moja moja, inazichanganya kama karata. Majina yameondolewa: kila mwanamke ni K, kila mwanaume ni M. Msomaji anaweka alama mbili tu. K au M huyu anatenda au anatendewa? Mwandishi anamlaumu au hamlaumu? Baadaye kompyuta itajifunza kutokana na alama zetu, imalizie maelfu yaliyobaki.

Dokta, msimamizi wangu wa shahada ya uzamili, hataki nisome hadithi nzima. Anasema ukifuata kisa utaanza kumwonea mtu huruma, na huruma inaharibu alama. Sawa. Tena lazima awepo msomaji wa pili, asiyechungulia alama za wa kwanza. Huyo ni mdogo wangu wa kike, Lesi. Programu italinganisha alama zake na zangu. Tukikubaliana, nina kazi ya kupeleka chuoni. Tusipokubaliana, nina shida.

K analia. K anapiga magoti. K anamloga mke mwenzake. M anasafiri. M anarudi. Hadi saa sita nimemchoka M na safari zake.

Jumatano, 4 Juni

Lesi kachelewa kwenda kibandani, kafanya sentensi zake kwanza, kajifunika blanketi kitandani. Bila yeye kazi hii isingesogea. Tulipogawana kuondoa majina, alichukua simulizi zote za yule anayejiita Mzee wa Foleni. Ndefu kuliko zote, na hakununa. Mimi sijazisoma hata sehemu moja.

Kibanda chake cha kutuma na kutoa pesa kiko karibu na forodha. Foleni ya malori ikikwama, madereva hawana la kufanya ila kusoma simulizi. Wanawasengenya wahusika kana kwamba ni majirani zao. Lesi ndiye aliyeniingiza kwenye magrupu hayo. Jioni ananiletea maneno ya wasomaji, tunacheka mpaka ugali unapoa. Nilimchukua akiwa na miaka kumi na mitano. Nikifikiria nani ninaye duniani, naanza na yeye.

Jumamosi, 7 Juni

Sokoni. Nimekutana na wifi Tusa kwenye maharage yake. Bado namwita wifi ingawa kaka yake si mume wangu tena, mwaka wa tisa huu.

Kule Itaka, kwao mume wangu, walinifukuza mimba ya pili ilipotoka. Mama mkwe alisema ninawala wanangu tumboni. Kikaitwa kikao cha ukoo. Wazee wanatikisa vichwa, mume wangu anaangalia viatu vyake. Aliyesimama ni Tusa peke yake. Alisema mimba hutoka, mbona hata yeye ilimtoka, hakuna mchawi hapa. Mbele ya mama yake mzazi. Haikusaidia, nilifukuzwa. Lakini ninaishi kwa maneno yale. Mtu mmoja wa nyumba ile ananiona mimi ni mtu safi. Akiondoka huyo, wote watakuwa wamesema kitu kimoja.

Leo kamwacha mteja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anahangaika na Kibemba chake, akanishika mkono kwanza. "Wifi, umekonda. Hivyo vitabu vinakula hadi mashavu?" Akaniongezea maharage juu ya kipimo. Nimetembea kurudi nyumbani nikiwa na raha ya kijinga.

Jumatano, 11 Juni

Matokeo ya kwanza ya alama zangu mimi mwenyewe. Nimemfungua kila mwandishi kwenye programu nione anavyowatendea kina K. Wanaume waandishi, wanawake waandishi, hawapishani sana. Nilitegemea wapishane. Nimekasirika kidogo, halafu nikafurahi, maana hilo ndilo la kuandika.

Mmoja tu amewapita wote. Mzee wa Foleni. Kwake K hatendi jambo asilaumiwe. Akipika analaumiwa, akinyamaza analaumiwa, akienda shule ndiyo kabisa. Na anaongoza kwa kusomwa. Kila sehemu anaifunga kwa maneno yaleyale: Wenye wake, chungeni. Namwona kabisa. Kitambi, fulana ya ndani, mguu juu ya usukani, mke amemkimbia na alifanya vizuri.

Nimemsema chakula chote cha jioni. Lesi kacheka hadi kapaliwa.

Matokeo yanafanana na grafu ya majaribio niliyotengeneza kabla ya Pasaka: sehemu ambazo mwanamke anaadhibiwa ndizo wasomaji wanazozijibu kwa fujo, ujumbe wa sauti juu ya ujumbe wa sauti. Ile grafu Lesi aliipiga picha kwa simu yake. Niliona fahari siku ile. Nani mwingine kwenye ukoo wetu aliwahi kupiga picha kazi yangu?

Jumanne, 17 Juni

Tumemaliza. Nimeendesha programu ya kulinganisha.

Tunakubaliana mimi na Lesi karibu kila mahali. Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Kisha nikaangalia tulipopishana na makofi yakaisha. Karibu yote yanatoka kwenye simulizi moja ya Mzee wa Foleni, inaitwa Aliyerudi Uani. Mimi nimeweka "analaumiwa" mstari baada ya mstari. Lesi kaweka "halaumiwi". Kila mahali. Hata pale mwandishi anapomwita K shetani waziwazi.

Amechoka, labda. Au alikuwa anasinzia. Utaratibu unasema tukae tuzisome pamoja, kila mtu atoe sababu yake, tukubaliane. Kesho asubuhi, kabla hajaenda kibandani.

Jumatano, 18 Juni

Vyombo viko mezani bado. Naandika hivyohivyo.

Tulikaa mezani. Sentensi ya tatu ilikuwa hii: Kama mwizi, K akarudi uani, akachukua kifurushi chake, akakificha kifuani. Nikamuuliza, Lesi, hapa umeonaje kwamba halaumiwi, na mwandishi kasema kama mwizi? Alikuwa anapaka mkate siagi. Hakuinua hata kichwa.

"Si alikwenda kuanua nguo tu."

Nikaangalia sentensi. Nguo hazimo. Nikaangalia sentensi zote za simulizi ile kwenye kompyuta. Nguo hazimo popote. Nilipomgeukia, kisu kilikuwa kimesimama juu ya mkate.

Aliyekwenda kuanua nguo ni mimi.

Asubuhi ile ya Itaka nilikuwa nimeshafika barabarani na mfuko wangu. Nikakumbuka kamba. Nilikuwa nimefua jana yake, na kwenye kamba kulikuwa na kishali cha mtoto, cheupe, alichofuma mama yangu. Nikarudi. Nilipitia nyuma kwa sababu sikutaka wanione nikilia kwa ajili ya kitambaa. Kilikuwa hakijakauka. Nikakiweka kifuani ndani ya blauzi. Nilifika stendi ya Mlowo kifua kimelowa, na aliyenipokea ni Lesi, na sare yake ya shule. Nilimwambia yeye. Sikumwambia mtu mwingine, hata mama.

Lesi alichukua mkoba akatoka, mkate ukabaki.

Nimesoma Aliyerudi Uani yote, sehemu kwa sehemu, kwa mpangilio, kama Dokta asivyotaka. Kikao kimo. Viatu vya mume vimo. Maneno niliyomwambia mume wangu gizani na yeye akajifanya kalala, yamo. Nilimsimulia Lesi mwaka juzi nikiwa na homa. Na sehemu ya uani imo. Kifurushi ni uchawi. K amewafunga watoto wake wawili ndani yake na amerudi kuwachukua ili akawauze mpakani. Chini kuna sauti za wasomaji nyingi hata sikuweza kufika mwisho. Wanaume wanacheka. Mwanamke mmoja anasema wachomwe wote.

Wenye wake, chungeni.

Mzee wa Foleni ana miaka ishirini na minne na analala chumba cha pili.

Alhamisi, 19 Juni

Nimemngoja mlangoni. Hakukana. Ningefurahi angekana.

Alisema aliandika kwanza ilivyokuwa, na kishali chake, na stendi yake. Sehemu tatu. "Dada, hakuna hata dereva mmoja aliyeuliza ya nne." Akazifuta. Kisha akaangalia ile picha ya grafu yangu. Ndivyo alivyosema, bila haya: wewe mwenyewe ulinionyesha wanachotaka. Akaanza upya na uchawi, na grupu likajaa mpaka akafungua la pili.

Yaani nilikaa miezi nikipima jinsi wanawake wanavyotukanwa, na mdogo wangu akatumia kipimo changu kunitukana vizuri zaidi.

Nikamuuliza kwa nini basi aliweka alama za uongo. Hapo ndipo alipolia. Akasema kuandika aliweza, lakini sentensi ilipomjia peke yake kwenye simu, haina hadithi wala wasomaji, na chini kuna swali "analaumiwa?", alishindwa kubonyeza ndiyo.

Sijui nifanye nini na jibu hilo. Sina huruma nalo leo.

Akasema pia kisa ni chake vilevile, yeye ndiye aliyekipokea stendi. Nilimwambia atoke mbele ya macho yangu kabla sijamzaba kibao.

Ijumaa, 20 Juni

Hatusalimiani. Nyumba ya vyumba viwili.

Imebaki sehemu ya mwisho, Jumapili. Nimemwambia aache. Sikupiga kelele. Nimemwambia afunge magrupu, aseme Mzee wa Foleni amekufa, aseme simu imeibwa, aseme lolote, lakini ya mwisho isitoke. Ameitikia. Amepiga goti kidogo kama tunavyowapigia wakubwa nyumbani na kusema, "Nimesikia, dada."

Nimemwamini. Naandika hili ili nisije kujidanganya baadaye kwamba nilijua.

Jumapili, 22 Juni

Imetoka.

Nilikuwa natoka kanisani. Kina mama watatu mbele yangu vichwa vimekutana juu ya simu moja, mmoja anawasomea wenzake. Nilijua kabla ya kuona. K amepata kichaa, anaokota matambara kati ya malori, madereva wanamtupia maganda ya ndizi. Jina la mahali limewekwa sasa. Kijiji cha kahawa, njia ya Itaka. Lesi anasema alitaka iwe na ladha ya kweli.

Nilimuuliza kitu kimoja tu. Uliniahidi? Akasema, "Nilikuwa nimeshaiandika, dada. Walikuwa wanangoja."

Walikuwa wanangoja. Mimi nilikuwa jikoni nampikia wali.

Jumatatu, 23 Juni

Ujumbe kutoka kwa wifi Tusa. Saa tatu asubuhi. Naunakili, maana nikiufuta nitasema niliota.

"Nimesoma. Siku ile nilikuwa jikoni kwa mama. Nilikuona umerudi nyuma ya nyumba ukaficha kitu kifuani. Sikumwambia mtu miaka yote nikijua una sababu. Kumbe ndiyo sababu yenyewe. Mungu akusamehe."

Aliniona, akalificha miaka tisa, akaendelea kunipokea hivyohivyo, akiwa na shimo moja tu asilojua lina nini. Lesi kamjazia.

Nimempigia. Simu inaita mpaka inakata.

Jumanne, 24 Juni

Lesi ameondoka. Nimemfukuza, niseme ukweli. Amehamia kwa rafiki yake, mtaa wa Mpemba. Nguo zake nimemkunjia mimi mwenyewe, vizuri, mikono ndani. Sijui kwa nini nilizikunja vizuri. Nilimwonyesha ujumbe wa Tusa. Alisoma, akasema atakwenda kumwambia ukweli. Nikamwambia ataitwa mwongo wa pili, nani atamwamini mtu aliyejiita mzee mwenye mke?

Mlangoni alisema, "Nisamehe, dada." Nikafunga mlango.

Nimemlea. Nimemlipia shule. Nimemsuka nywele kwa mkono wangu huu. Ameniuza na nimempikia wali siku aliyoniuza.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda sokoni kwa Tusa. Nilibeba kishali.

Nilipanga maneno njia nzima. Nilipofika sikuyatumia, nilikifungua tu mbele yake, juu ya magunia. Nikasema wifi, hiki ndicho. Cha mtoto. Alikifuma mama. Kilikuwa kwenye kamba. Kimefifia, kimekuwa rangi ya maziwa, na kona moja panya wamekula. Nilidhani akikiona basi. Mwanamke ambaye naye mimba ilimtoka, angekosaje kukijua?

Alirudi nyuma. Hatua moja, akagonga kiti. Alikitazama kishali kama kitu kinachoweza kuruka. Mikono akaificha nyuma.

"Kwa hiyo unacho bado," akasema. "Miaka yote hii umekitunza."

Nikaelewa nilichofanya. Nimemletea kifurushi. Nimetembea nacho mchana kweupe mpaka sokoni nikamfungulia mimi mwenyewe, kama ilivyoandikwa. Wauzaji wa pembeni walikuwa wamegeuka. Kuna aliyeshika simu.

Nilikikunja. Nikasema, haya wifi. Hakuitikia wifi.

Jumapili, 29 Juni

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 2 Julai

Nimempigia Dokta. Nimemwambia msomaji wangu wa pili ndiye aliyeandika sehemu ya simulizi, kwa hiyo naomba niziondoe za Mzee wa Foleni zote. Sikumwambia mengine. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka kubonyeza kitufe kimoja zipotee, angalau ndani ya kompyuta yangu zisiwemo.

Amekataa. Kwa upole, lakini amekataa. Ndizo zinazosomwa kuliko zote, nikizitoa nitakuwa nimeupamba ukweli. Kosa liko kwa msomaji, haliko kwenye maandishi. Tafuta msomaji mwingine, umpe sentensi zilezile, majina yakiwa yameondolewa.

Kinachoniudhi ni kwamba yuko sahihi. Ningekuwa mimi msimamizi ningejibu hivyohivyo.

Nimempa Mwalimu Anyesi, tunayefundisha naye Kiswahili. Mtu makini. Hajui habari za Itaka.

Alhamisi, 3 Julai

Lesi ametuma ujumbe. Amefunga magrupu yote mawili. Anasema haikusaidia, wasomaji wamefungua la kwao na wanaendelea na kisa wenyewe. Kila dereva anatunga mwisho wake. K ameshakufa mara kadhaa.

Sikujibu. Nimeusoma ujumbe mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa.

Jumamosi, 5 Julai

Mwalimu Anyesi amekuja mchana na alama zake. Mvua hakuna, vumbi tu la malori, nikamfungia dirisha. Nimeendesha programu akiwa amekaa palepale alipokuwa akikaa Lesi.

Mimi na yeye tumekubaliana sentensi zote za Aliyerudi Uani. Hakuna hata moja ya kusuluhisha. Ile ya kurudi uani kama mwizi, kaweka: anatenda, analaumiwa. Nimemwandikia Dokta kwamba sasa alama zinakubaliana, nitaanza sura ya nne shule ikifunguliwa.

Tulikunywa chai. Akaniuliza mwandishi ni nani, nikasema mtu fulani wa huku mpakani. Akasema mtu huyo ni katili, anawachukia wanawake. Kisha akapuliza chai yake akacheka kidogo.

"Lakini na yule mwanamke naye, mwalimu. Mh. Hata mimi ningemfukuza."

Nikamwongezea chai. Nikamshukuru kwa muda wake, nikamwambia amesoma vizuri.